Lobelia ya Shemasi

Saa tano asubuhi, msituni, nusu ya njia kutoka lango la Marangu kwenda kituo cha Mandara. Wenseslaus Mariki anasogea pembeni, analiegemeza goti lake la kushoto kwenye mzizi wa mti na kutulia hapo, gunia la kilo ishirini na tano likiwa kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Wageni wanne wanapita. Anawatabasamia. Wakishapita haendelei na safari, kwa sababu mwongozaji wao ameinama kando ya kijito na kuwaonyesha ua.

Ni ua dogo jekundu lenye ncha ya manjano, limejikunja kama mkonga wa tembo. Mwongozaji ni Shedrack, kijana mtanashati wa miaka ishirini na minne. Kwa Kiingereza kilichonyooka anawaeleza wageni kwamba ua hilo huitwa Impatiens, na kwamba jina hilo limetokana na "patients", yaani wagonjwa, maana Wachagga wa zamani walilitumia kama dawa.

Wageni wanatoa vijitabu na kuandika.

"Si kweli," Wenseslaus ananong'ona, baada ya wageni kupotelea kwenye kona. "Hakuna mgonjwa hata mmoja kwenye jina hilo. Lakini mimi nimebeba viazi, nani ataniuliza?"

Hakuna sheria iliyoandikwa inayomkataza mpagazi kuongea na wageni. Ni mazoea tu, na mazoea ya mlimani ni magumu kuliko sheria. Anayeongea ni mwongozaji. Mpagazi huleta chakula, hema na maji, akaitika anapoitwa. Wenyewe hujiita wagumu, neno walilolichagua kwa kujisifu zamani walipokuwa vijana, na ambalo Wenseslaus siku hizi hulitamka polepole, akilitazama goti lake.

Ana miaka arobaini na sita. Amebeba mizigo ya watu kwenye Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini na miwili, na kwa hesabu yake ya haraka amepanda zaidi ya mara mia nne. Hulipwa shilingi elfu tatu kwa siku, safari ikiwa ya siku tano, na kama langoni hapajafurika vijana wengine wanaotaka kubeba kwa elfu mbili. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, kampuni za utalii zimechipuka Moshi kila mtaa, na kila kampuni ina wagumu wake na wagumu wa akiba. Shamba nalo halimsaidii. Kilo ya kahawa msimu uliopita haikufikia bei ya kilo ya sukari, na jirani yake ameshang'oa mibuni yote akapanda nyanya.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2002, daktari alimpiga picha lile goti, akaitazama kwenye mwanga, akamwambia maneno ambayo Wenseslaus anayakumbuka kama yalivyosemwa. "Mzigo au mguu, mzee. Chagua kimoja."

Aliyemwajiri akampa hadi Krismasi. Akipata leseni ya uongozaji atapewa wageni wake, atapanda na kibegi kidogo cha mgongoni kama Shedrack. Asipoipata, kampuni haina kazi kwa mpagazi asiyebeba. Hapo ndipo maisha ya mzee huyu yalipofungwa kwenye majina ya maua, kwa kuwa kwenye mtihani wa leseni sehemu ya njia anaijua, sehemu ya huduma ya kwanza anaijua, na sehemu ya hali ya hewa angeweza kuifundisha. Kilichomwangusha, mara mbili, ni majina.

*

Mkasa wenyewe ulianzia Horombo, kituo kinachofuata Mandara, mwaka 1986. Mvua ya mawe iliwafungia wapagazi kibandani mchana kutwa, na mwenzao Eliufoo akatoa kwenye begi lake daftari lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Juu yake paliandikwa: Maua ya Mlima na Maana Zake. Eliufoo alikuwa amelinakili kutoka kwa mtu mwingine, naye kutoka kwa mwingine, na mwandishi wa kwanza hakuna anayemkumbuka. Wenseslaus aliazima kalamu na kunakili kurasa zote kabla mvua haijakatika.

Kwa miaka kumi na minne daftari lile lilikuwa elimu yake. Analo mpaka leo, na alipomwonyesha mwandishi wa habari hii alilishika kwa aibu kidogo, kama mtu anayeonyesha picha yake ya ujana akiwa amevaa suruali pana.

Ukurasa wa tatu unasema: "Impatiens. Wagonjwa. Ni dawa."

Ukurasa wa saba unalitaja lile ua jeupe kavu linalochakarisha kama karatasi, ambalo wasomi huliita Helichrysum newii. Daftari linasema: "Newii ni mpya. Ua jipya. Lilianza kuota baada ya vita." Vita ipi, haikuandikwa. Inaelekea kuna aliyeona kwamba kitu kikiitwa kipya sharti pawe na siku kilipoanza, akaitafutia siku hiyo.

Ukurasa wa kumi na moja ndio utamu wenyewe. Juu ya Horombo huota mmea wa ajabu, mnene, wima, unaomzidi mtu kimo, ambao hufunga majani yake jioni na kuyafungua jua likitoka. Jina lake la kisomi ni Lobelia deckenii. Wapagazi walilisikia jina hilo kutoka vinywani mwa Wazungu: dekeni, dekenii. Na kwa kuwa karibu wote walikuwa watoto wa kanisa, waliokwisha kusikia kwamba "deacon" kwa Kiingereza ni shemasi, hawakusumbuka zaidi. Daftari linasema: "Lobelia ya Shemasi. Kwa sababu imesimama wima kama shemasi aliyevaa kanzu ya alba pembeni ya altare."

Kosa hilo asingeweza kulifanya mtu ambaye hakukulia kwenye ngazi za kanisa. Na si kosa la kijinga. Ukiutazama ule mmea asubuhi, ukungu ukiwa bado miguuni pake, shemasi unamwona.

"Niliwaambia wageni wengi sana," anasema Wenseslaus. "Wale waliotaka kuongea na mimi, kwa mikono na maneno mawili matatu. Naonyesha mmea, naweka mikono hivi kama mtu anasali, nasema dikoni, dikoni. Walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mimi nadhani wamefurahia elimu."

*

Mtihani wa kwanza, mwaka 2000, alienda amevaa shati la harusi. Mtahini alimwonyesha picha ya Impatiens na kumuuliza maana ya jina. Wenseslaus alijibu bila kusita kwamba ni la wagonjwa, na ili kuongezea jibu uzito akasema yeye mwenyewe huchemsha ua hilo na kulinywa kwa ajili ya goti.

"Unalichuma wapi?" aliulizwa.

"Msituni, mzee."

"Msitu upi?"

Hapo ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Kuchuma hata jani moja ndani ya hifadhi ni kosa, na yeye alikuwa amelikiri mbele ya watu watatu, wawili kati yao wakiandika. Hawakumshtaki. Walimwambia tu arudi mwakani, asome vizuri, na aache kunywa maua.

"Nilikunywa miaka miwili," anasema. "Chungu kama nini. Na goti ndiyo kwanza likazidi."

Mwaka jana alirudi. Kampuni ilikuwa imechapa orodha ya watahiniwa wake, na karani aliyekuwa na haraka aliligawa jina la Wenseslaus sehemu mbili. Pale ukumbini msimamizi akaita, "Vincent Slaus! Vincent Slaus!" Watu wakatazamana. Wenseslaus naye akageuka nyuma kumtafuta huyo Vincent, akamwonea huruma kwa kuchelewa. Jina likaitwa mara tatu, likakatwa. Jioni, kila mtu alipokwisha kuingia isipokuwa yeye, alikwenda kuuliza na kuambiwa kwamba wasiohudhuria watajaribu tena mwakani.

Mkewe, Salvina, anasema hajawahi kumwona mumewe akiwa vile. "Alikaa hapo kwenye kigoda, hakula, hakuongea. Namuuliza, baba, kumekuwaje? Ananijibu, nimekosa mtihani kwa sababu ya jina langu mwenyewe. Nikajua huyu sasa amechoka, si mwili tu."

Salvina ni mcheshi. Kwa lugha ya mlimani mwongozaji huitwa gaidi, neno la Kiingereza "guide" lililovishwa koti la Kiswahili bila kuulizwa kama litamtosha, na yeye huwaambia majirani kwamba mume wake uzeeni anausomea ugaidi. Lakini siku ile hakutania. Jumapili iliyofuata ndiye aliyemshika mkono baada ya misa ya pili na kumpeleka kwa Padre Aristides.

*

Padre Aristides ni mstaafu. Anaishi nyuma ya kanisa na kuku kumi na kamusi moja ya Kilatini ambayo mchwa wameila kuanzia herufi T. Aliposikia shida yenyewe alicheka kidogo, kisha akamuuliza Wenseslaus kama aliwahi kutumikia misa utotoni.

Aliwahi. Akiwa na miaka saba alipiga magoti kwenye sakafu ya simenti na kuitika "Et cum spiritu tuo" kwa sauti kali kuliko wenzake wote, bila kujua alikuwa akimwitikia nani wala nini. Mwaka mmoja au miwili baadaye misa ikaanza kusomwa kwa Kiswahili, na Kilatini kile kikabaki kichwani mwake kama mzigo ambao mwenyewe hakuja kuuchukua.

"Basi tunaanzia hapo," Padre alimwambia. "Lugha unayo tayari. Ulikosa maana tu."

Walisoma kila Jumapili ambayo Wenseslaus hakuwa mlimani. Na maana, zilipofunguliwa, zilikuwa za kawaida kuliko alivyotarajia. Impatiens ni "asiye na subira". Ganda la mbegu zake likiiva ukaligusa tu, linapasuka na kurusha mbegu. Wenseslaus alikuwa amelipasua ganda hilo kwa kidole mara elfu moja akipumzika njiani, na hakujua kwamba jina lilikuwa hapo hapo kwenye kidole chake.

Senecio, ule mti mnene wa kule juu uliojifunika majani yake makavu, jina lake limetokana na neno la mzee, kwa ajili ya nywele nyeupe za mbegu zake. Helichrysum ni Kigiriki, jua na dhahabu. Newii si mpya. Ni Bwana New, mmisionari Mwingereza aliyeifikia theluji mwaka 1871. Na mbega, yule kima mwenye joho jeusi na jeupe anayewaburudisha wageni pale langoni, jina lake la kisomi, Colobus, maana yake ni "aliyekatwa", kwa kuwa hana kidole gumba.

"Hilo lilinikaa moyoni," anasema Wenseslaus. "Mnyama mzuri namna ile, anaruka kama ana mbawa. Mtu anamtazama, anaona kidole ambacho hana."

Halafu wakafika kwa Shemasi. Padre Aristides alimweleza kwamba mmea ule ulipewa jina la Decken, kabaila wa Kijerumani aliyejaribu kupanda mlima huu zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita, asifike kileleni. Wenseslaus, anakumbuka Padre, aliuliza, "Na waliombebea mizigo, wao walipewa ua gani?"

Kamusi haikuwa na jibu hata kabla ya mchwa.

Siku moja Wenseslaus aliomba kujua maana ya jina lake mwenyewe, lile lililomgharimu mwaka mzima. Padre alimwambia ni jina la mfalme mtakatifu wa nchi ya baridi, na maana yake ni utukufu mkubwa. Mpagazi alilipokea, akalipima, akasema, "Utukufu mkubwa, na viazi juu yake." Padre anasema siku hiyo hawakuweza kuendelea na somo kwa kucheka.

*

Jumanne ya wiki iliyopita, ukumbini, mjini Moshi, watahiniwa walikuwa kumi na tisa. Wengi walikuwa vijana wa rika la Shedrack, viatu vipya, Kiingereza midomoni. Wenseslaus alikuwa ameshuka kutoka mlimani Jumatatu saa kumi jioni na kupanda gari la asubuhi kutoka Marangu. Aliketi ameunyoosha mguu wa kushoto mbele kwa sababu haukunjiki tena ukiwa umechoka. Kila jina lililoitwa, liwe lake au la, aliinuka nusu.

Alikuwa wa kumi na nne. Mwandishi aliruhusiwa kuketi nyuma.

Mtahini mkuu alikuwa Mzee Ndelilio, mwongozaji mstaafu aliyevuka miaka sabini, mtu wa sauti ndogo anayetazama watu juu ya miwani. Wenseslaus alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikiwa, akaambiwa akae. Hakukaa. Alisema akikaa itamchukua muda kuinuka.

Picha ya kwanza ilikuwa Impatiens. Alilieleza ganda linalopasuka, akaonyesha kwa vidole, na mtahini mmoja akatabasamu. Mbega akamweleza. Helichrysum akaieleza, jua, dhahabu na Bwana New, kwa Kiingereza cha mlimani ambacho hakina sarufi lakini hakipotezi mtu.

Picha ya nne ilikuwa isale. Hakuna Mchagga asiyeijua isale. Ndiyo mipaka ya vihamba, mashamba ya nyumbani, na ndiyo jani analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Aliulizwa jina la kisomi. Alisema ni Dracaena, na maana yake ni joka jike.

"Wao waliona joka," aliongeza bila kuulizwa. "Sisi kwenye jani hilo hilo tumeona samahani. Kila mtu na macho yake, mzee."

Mzee Ndelilio alitoa picha ya mwisho na kuiweka mezani. Ilikuwa ile lobelia.

Wenseslaus aliisema yote. Lobelia, kwa jina la daktari mmoja wa zamani aliyeitwa Lobel. Deckenii, kwa jina la Decken, Mjerumani. Si shemasi. Hilo alilisema kwa mkazo, na pale nyuma mtu akacheka kidogo, maana wapo waliolijua daftari.

"Vizuri," alisema Mzee Ndelilio. "Huyo Decken amekuja juzi juzi tu. Kabla hajaja, wazee wetu waliuitaje mmea huu?"

Wenseslaus aliitazama picha. Mwandishi alikuwa amemsikia mtu huyu kwa wiki tatu akitaja majina ya Kigiriki, ya Kilatini na ya Wazungu waliokufa, na sasa alimwona akilitafuta jina moja la nyumbani kwao bila kulipata. Ilichosha hata kumtazama.

"Sijui, mzee," alisema hatimaye.

"Hujui?"

"Sijui. Na ninaona aibu."

Mzee Ndelilio aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake. "Asante. Anayefuata."

*

Wenseslaus alirudi Marangu akijua ameanguka. Jumatano asubuhi, badala ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, alishuka bondeni kwa mama yake, Bibi Mektrida, mwenye miaka sabini na tisa, aliyekuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Alimwamkia, akaketi, akamwuliza jina la ule mmea. Alimchorea mchangani. Akamwonyesha kimo chake kwa mkono.

"Mae!" alishangaa bibi. "Huko kwenye baridi mimi nilikwenda kufanya nini?"

"Lakini wazee walikuwa wanapita, mama. Watu walikwenda kuwinda, walikwenda upande wa pili."

"Walipita, baba. Hawakukaa." Akaokota ndizi nyingine. "Hii naiita mshare, kwa kuwa naipika na nyama. Ile kule ni kitarasa, nilikunywesha uji wake. Ndizi ng'ombe ni ya pombe, ya mbege. Ile ya Uganda ilikuja na watu wa Uganda. Kila mmoja na jina lake kama watoto, kwa sababu nawahitaji, na nikimwita mmoja nisije nikapewa mwingine. Huyo wako wa juu alinilisha nini? Hakunilisha, hakuniuma, hakunizibia njia. Nimpe jina la nini?"

Huenda liko jina, kwa mtu mwingine, kijiji kingine, Rombo au Machame, ambako hata ndizi hizi huitwa vingine. Bibi Mektrida hakulikataa hilo. Alisema tu kwamba yeye halijui, na mama yake hakuwahi kulitaja.

"Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia," anasema Wenseslaus. "Nilitaka aniambie neno ili nijue nimeanguka kwa sababu ya kitu kilichokuwepo. Akaniambia pengine hakikuwepo. Sasa mtu anaangukaje kwa kitu ambacho hakipo?"

Alhamisi alibeba mzigo wa kampuni nyingine hadi Mandara na kurudi. Salvina alimkanda goti kwa maji ya moto. Walizungumzia nyanya za jirani.

*

Ijumaa saa tisa alasiri matokeo yalibandikwa. Kati ya kumi na tisa, walipita wanne. Wa pili kwenye orodha alikuwa Wenseslaus Mariki.

Hakuamini. Alimwomba mtu mwingine amsomee, kisha akaomba mwingine. Alipokwisha kusomewa mara tatu aliketi kwenye ngazi za ukumbi na kuushika mguu wake kwa mikono miwili.

Mzee Ndelilio alipatikana akifunga mkoba wake. Alipoulizwa kuhusu swali lile la mwisho alivua miwani.

"Nimeliuliza kwa miaka tisa," alisema. "Mwaka huu watu kumi na wanane walinipa jina. Majina kumi na manane, hakuna mawili yanayofanana. Mmoja nadhani alinipa jina la ng'ombe wao. Yule mzee peke yake alisema hajui."

Na yeye mwenyewe analijua?

"Silijui. Baba yangu hakulijua. Nauliza nikitumaini siku moja atakuja mtoto wa mtu aliyelisikia." Akavaa tena miwani. "Lakini nauliza na kwa sababu nyingine. Pale juu ya Horombo ukungu ukishuka, huoni hata kiatu chako. Mwongozaji anayejua kila kitu ndiye anayepoteza watu pale, maana hawezi kusimama mbele ya wageni akasema amepotea. Namtaka yule atakayesema, sijui njia ipo wapi, tukae hapa tusubiri. Huyo nitampa hata mwanangu ampandishe."

Maneno hayo yalifikishwa kwa Wenseslaus pale kwenye ngazi. Aliyasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

Leseni itatoka mwishoni mwa mwezi, na wageni wake wa kwanza, mume na mke kutoka Denmark, watapanda wiki inayofuata. Anapanga kufanya kazi hiyo kwa miaka kumi, kama goti litakubali. Anataka kuwasimamisha wageni wake kwenye kila ua na kuwaambia ukweli. Hili wamelipa jina kwa sababu ya kile linachofanya, hili kwa heshima ya Mwingereza, na lile la juu kabisa mama yangu anasema hatukulihitaji. Atakuwa akiwauliza wapagazi wake pia, hasa wanaotoka Rombo, kama nyumbani kwao kuna anayelijua jina. Wapagazi wake, alisema, wataongea na wageni wakitaka.

Aliulizwa kama amefurahi. Alifikiri kwanza, kama alivyofikiri mbele ya ile picha.

"Nimefurahi, ndiyo," alisema. "Ila furaha yenyewe imekuja kwa miguu, imefika imechoka. Iache ipumzike kwanza."

Kisha akaomba asaidiwe kuinuka.